Vichezeo vya mtoto mwenye mahitaji maalumu: ninunue seti au nitengeneze nyumbani?

Mama Zawadi: Habari zenu wapendwa. Mwanangu anatimiza miaka 3 wiki ijayo, ana mahitaji maalumu. Nimeona seti yenye manyanga, mipira ya kuminya, kibao cha maumbo na kidoli kinachoimba ukikibonyeza. Shangazi yake amejitolea kuinunua, anataka jibu Jumamosi. Dada mmoja kaniambia nisihangaike, vyote hivyo vinatengenezeka nyumbani. Nishike lipi?

Mwalimu wa Awali: Hongera kwa malezi, mama. Ila hujatupa pa kuanzia. Anaona vizuri? Anakaa mwenyewe? Mkono unashika na kuachia, au umekunja ngumi? Bado anatia vitu mdomoni?

Fundi Seremala: Tengeneza. Binti wa kaka yangu nilimchongea kibao cha maumbo matatu tu, kila kipande nikakitia kishikio kinene cha kujaa kiganjani. Kile cha kununuliwa kilikuwa na kishikio kidogo kama kichwa cha msumari, vidole vikawa vinateleza, anaishia kulia. Piga msasa mpaka ukipitisha kitambaa laini kisikwame hata uzi mmoja.

Mama Pacha: Kutengeneza ni kuzuri, lakini ngojeni niwasimulie. Mmoja wa pacha wangu ana usonji, na wakati huo alikuwa anatafuna chochote. Nilitia shanga kwenye kichupa cha plastiki, nikafunga kifuniko, nikazungushia utepe wa gundi mara nne. Alikipenda mno, akakitikisa siku mbili. Siku ya tatu niko nafua, ghafla kimya. Nikaacha nguo kwenye povu nikakimbia. Utepe ulikuwa umelowa mate, umejikunja kama gome la mti, kifuniko kiko chini, shanga zimetapakaa. Alipofungua mdomo nikaziona tatu juu ya ulimi. Hizo nilizitoa. Alizomeza hatukujua ni ngapi, tukakesha hospitali. Alitoka salama, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo, kitu chochote kinachopenya kwenye ule mrija wa karatasi unaobaki tishu ya chooni ikiisha, mtoto wangu hakipati.

Baba Tumaini: Pole sana, Mama Pacha. Ndiyo maana mimi nasema anunuliwe. Vile vimepimwa.

Mwalimu wa Awali: Si vyote, Baba Tumaini. Fungua vinavyoimba uone: vingine vina betri bapa ndogo kama kifungo. Ikikwama kwenye koo inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Na zile shanga laini zinazovimba zikilowa, zikimezwa huvimbia tumboni. Tena ile alama ya umri haimjui mtoto wako. Yupo wa miaka 5 anayetafuna bado.

Fundi Seremala: Na hivi vya kuimba vinamfanya mtoto akae tu akiangalia. Kibao kinamtaka afikiri.

Baba Tumaini: Hapana, fundi. Tumaini alicheka kwa sauti mara ya kwanza kwa sababu ya kidoli kinachoimba. Usituondolee hilo.

Mama Zawadi: Samahanini, nilikuwa namlisha. Ana mtindio wa ubongo. Mkono wa kulia umekaza, wa kushoto unashika kidogo. Kuona anaona, ila kitu anakitafuta kwa shida. Mdomoni anatia kila kitu.

Mwalimu wa Awali: Sasa tunaongea. Kibao kisubiri. Tandika kitambaa cheusi kisicho na maua, weka kitu kimoja cha njano, upande wa kushoto, kisha nyamaza umsubiri. Anaweza kuchukua dakika nzima kabla ya kukifikia, usimwahi. Pia Lilli Nielsen wa Denmark, aliyefanya kazi na watoto wasioona, alibuni kichumba kidogo chenye vitu vinavyoning'inia juu ya mtoto. Akitikisa mkono anavigusa, na kesho anavikuta palepale. Boksi kubwa la kadibodi linatosha. Kamba ziwe fupi, zifungwe imara, nawe ukae hapohapo.

Bibi wa Watatu: Mwanangu, mwonyeshe kwanza mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku, jinsi mtoto anavyokaa. Mjukuu wangu tulimlaumu mkono, kumbe kiti ndicho kilikuwa kinamwangusha. Tulipomkunjia taulo pembeni na kuinua miguu ikapata pa kukanyaga, mkono ukafunguka wenyewe.

Fundi Redio: Hicho kidoli msikitupe. Katikati ya betri na chuma inachogusa unapachika vipande viwili vyembamba vya shaba vilivyotenganishwa na plastiki, nyaya mbili zinatoka kwenda kwenye swichi pana kama sahani. Mtoto anaipiga swichi kwa ngumi, kidoli kinaimba. Betri zake ni za mviringo mrefu?

Mama Pacha: Fundi, na ile gundi ya kufungia, ipi haiachii kwa mate?

Fundi Seremala: Usitegemee gundi. Tumia skrubu.

Mama Zawadi: Betri sijaziona. Shangazi kapiga simu sasa hivi, keshalipia. Kitambaa cheusi ninacho, naanza nacho leo jioni. Fundi Redio, nikifungua kidoli nitakuwekea picha.