Re: Fair Tax, katiba na hela zetu

> wakifuta kodi ya mapato mtu anabaki na mshahara wake wote, huo ndo uhuru waliotaka walioandika katiba

Kaka nimesoma hoja yako yote ya kutetea Fair Tax, ule mpango wa kufuta kodi ya mapato ya Marekani na kutoza kodi ya mauzo badala yake, na mwanzo wake uko sahihi. Katiba ya Marekani ilitaka kodi za moja kwa moja zigawanywe kwa majimbo kufuata idadi ya watu, na mwaka 1895 Mahakama Kuu iliifuta kodi ya mapato kwa hoja hiyo. Ila mwaka 1913 likaja Rekebisho la 16 likaruhusu Bunge litoze mapato yatoke popote yatokapo, mjadala ukaishia hapo. Kwahiyo hao wanaowaambia vijana wetu wasijaze ritani, yani fomu ya kodi ya kila mwaka, eti kodi hii ni kinyume cha katiba wanawaponza, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina faini ya dola 5,000 kwa ritani yenye hoja za namna hiyo, na mwenye grinkadi akija kuomba uraia ataulizwa habari za kodi kwenye fomu.

Haya, Fair Tax yenyewe. Mswada unarudi rudi bungeni tangu 1999 na haujapita. Wanasema 23% lakini hiyo wameihesabu ndani ya bei, ukipiga hesabu kama tulivyozoea dukani ni kama 30, yani kitu cha dola 100 unatoa 130, na hiyo 30 ndo 23% ya 130. Pango la nyumba nalo limo, daktari naye yumo. Kila familia ingerudishiwa kiasi kila mwezi kwa ajili ya mahitaji ya msingi, sawa, lakini sisi wengi mshahara unaingia na kuisha kwenye pango, bima na watoto, wakati tajiri anatumia kidogo na kingine anakiweka. Mwenye kubakiza ndo anapewa uhuru hapo.

---

Dada naomba nipingane kidogo. Hela ninayomtumia mama Tanga sijaitumia hapa, kwahiyo kwa Fair Tax isingeguswa, leo inakatwa hata kabla sijaishika. Kwetu tunaotuma nyumbani si nafuu?

---

Mdogo wangu hiyo ndo hoja nzito kuliko zote na nakubali kwamba ni kweli. Ila angalia walichofanya 2025, walianza na pendekezo la 5% kwenye hela wanazotuma nje wasio raia, ikashuka 3.5, mwisho sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai ikawa 1% na inamgusa hata raia, kuanzia Januari 1, 2026, kama unalipia kwa keshi au money order. Ukituma toka akaunti ya benki ya hapa au kwa kadi ya benki ya hapa hukatwi, acheni kupeleka keshi kwa wakala jamani. Sasa Bunge limeshajua njia ya kuigusa hela ya mama, kwanini uamini kwamba Fair Tax itaiacha? Na mswada wenyewe unasema Rekebisho la 16 lisipofutwa ndani ya miaka saba Fair Tax inakufa, kulifuta kunataka majimbo 38, hayo utayatoa wapi.

Kwangu mimi uhuru unaovunjwa leo ni kwenye fomu ya FBAR, ile ya kuripoti akaunti za benki zilizo nje ya Marekani. Akaunti zako za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 hata siku moja lazima uripoti hata kama hudaiwi kodi, na akaunti ya mama unayosaini wewe nayo inahesabiwa. Bittner, raia wa Marekani na Romania, alipigwa faini ya dola milioni 2.72 kwa kosa ambalo halikuwa la makusudi, Mahakama Kuu mwaka 2023 ikasema faini ni kwa ripoti, sio kwa kila akaunti, ikashuka hadi 50,000. Ameshinda kwa kura 5 kwa 4, na nani kati yetu ana hela ya wakili wa kufika huko? Mbunge wangu nitamwandikia hilo, kiwango cha 10,000 kipandishwe na faini ya asiyekusudia ifutwe.

Mwaka huu jazeni, ni bure kwenye tovuti ya FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachopokea fomu hizi, haiendi pamoja na ritani. Mwisho ni Aprili 15, ukichelewa inasogea yenyewe hadi Oktoba 15. Andikeni salio la juu kabisa la mwaka, sio la Desemba.