Mrejesho: yule mteja wa nyumbani

Assalamu alaykum. Niliwauliza: niko mafunzo ya vitendo ya uzamili, kituo cha ushauri nasaha cha chuo, na mteja niliyepangiwa kumbe ni mtu wa kwetu Lamu (msiniulize mtaa). Nimpokee?

Mlisema nimwambie msimamizi. Nilimwambia huku moyo wanidunda, hakunigombeza hata. Mteja akaridhia, akahamishiwa kwa mwenzangu.

Kazi ngumu ilikuwa likizo, niliporudi nyumbani. Lamu hii, mtu utamkwepea wapi? Tulikutana gatini, nikangoja anisalimu yeye kwanza, nisije nikafichua kuwa alifika kituoni. Akanisalimu. Mama papo hapo: “Mwajuana?” Nikasema twasoma chuo kimoja. Akanitazama, mamangu huyo, lakini hakupata la zaidi.

Saa za vikao ninazotakiwa kutimiza mafunzoni hazikupotea. Nimepewa mteja mwingine, simjui kwao.