Tupeane uzoefu: umewahi kujiwa na marehemu wako, na kanisani kwenu walikwambiaje?

Mleta mada, Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tuliongee kwa heshima maana najua humu kuna watu wana vidonda vibichi, na mimi nimo.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu, tukamsafirisha Rombo tukamzika pale nyumbani migombani, baada ya wiki mbili nikarudi Dar kazini. Wiki ya tatu akaanza kuja. Sio ndoto za kukimbizwa wala nini, anakuja anasimama mlango wa jikoni kajifunga khanga yake ya Nani Kama Mama, ananiuliza "mbona umelala mlango wazi?" basi, naamka, naenda kuangalia nakuta mlango umefungwa na komeo lipo vile vile nilivyoliacha. Ya kwanza nikasema ni mawazo ya msiba. Sasa hivi zimefika saba, nimezihesabu.

Mimi nimekulia KKKT kwa Walutheri, kipaimara nimepata huko, ila tangu niolewe nasali na mume wangu kanisa la kiroho la hapa mtaani. Nikamweleza mtumishi. Hakuniuliza hata mama alikuwa mtu wa namna gani, akasema hiyo ni roho chafu imevaa sura ya mama yako, akauliza kitu gani chake unacho ndani. Nikamtajia ile khanga, niliichukua msibani kabla nguo hazijagawanywa. Akasema ikachomwe.

Nimeshindwa jamani. Ipo chini kabisa ya begi, bado inanukia moshi wa kuni na yale mafuta yake ya mgando, nikiifungua naifunga haraka harufu isiishe. Hapo ndo mnaponiona nimekwama. Ntaichomaje?

Kwaiyo naomba mwenye uzoefu aniambie, sio mistari mitupu, nataka lililokukuta wewe na ulifanyaje.

Mama Mapacha, Kinondoni

Pole sana mdogo wangu. Mimi Mkatoliki. Baba yangu alikuwa ananijia kila akija yuko pekupeku, miguu ina vumbi, haongei, ananiangalia tu. Ndugu wa upande wa baba wakasema anadai viatu, vinunuliwe vikafukiwe kaburini na pombe imwagwe. Nilikuwa nshatenga hela ya viatu kabisaa, ila nikasema ngoja nipite kwanza kwa padre.

Padre akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia Kanisa linakataza kuwaita wafu na kuwapigia ramli, hilo halina mjadala, ila kuwaombea tunawaombea, akanisomea kitabu cha pili cha Wamakabayo sura ya 12 (kwa nyie wenzetu hakimo kwenye Biblia zenu) pale Yuda Makabayo anapochanga kama drakma 2,000 za fedha anazipeleka Yerusalemu sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa. Akasema mzee wako humsaidii kwa viatu, andikisha nia ya misa.

Halafu akanipa hadithi ya Mt. Augustino, yule askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini, ambayo sijaisahau mpaka leo. Mama yake Monika alikufa Ostia huko Italia mwaka 387, na kabla hajafa aliwaambia mwili wangu mzikeni popote, mimi naomba mnikumbuke altareni tu. Yule mama alimfuata mwanae bara na bahari akimlilia. Sasa Augustino miaka mingi baadae akaandika kwamba kama kweli wafu wangekuwa wanakuja wenyewe tu kwa walio hai, basi mama yangu asingekosa hata usiku mmoja kuja kwangu. Na haji. Nilivyosikia hivo nikalia pale pale ofisini kwa padre, maana nilimwona mtu mzima, askofu, naye kakaa anamsubiri mama yake.

Nikatoa nia ya misa, na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, tukaenda makaburini Kinondoni na parokia, mishumaa, makaburi yakabarikiwa, nikapalilia kaburi la mzee kwa mikono yangu. Baba hajaja tena tangu siku ile. Nitakuwa mkweli kwako, wiki ya kwanza nilishukuru, wiki ya pili nikalia upya kwa sababu nilimmisi hata yule wa pekupeku.

Mdau wa Chanika

Dada pole. Mimi Msabato na sisi msimamo wetu unajulikana, Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, wamelala mpaka Yesu arudi. Lazaro wa Bethania alikaa kaburini siku nne, akatoka, na hamna sehemu Yohana anaandika kwamba alisimulia alikokuwa.

Ila umesema tusilete mistari mitupu. Kaka yangu alifariki akaacha kiwanja ambacho alikilipia kidogo kidogo kwa miaka sita, matofali alikuwa ananunua hamsini hamsini. Alivyofariki mke wake akaumwa, ikabidi tukiuze, mimi ndo nilisaini kama shahidi. Kwa muda mrefu nilikuwa napita ile barabara nageuza uso upande mwingine naona kama kaka kasimama kwenye yale matofali ananiangalia. Kilichonitoa pale ni fundisho hilo hilo ambalo watu wanaliona kavu. Kaka kalala. Hajui kama kiwanja kimeuzwa, hajui mke wake aliumwa, hajui chochote, atafumbua macho mara moja tu na atakayemuona ni Bwana. Kwangu mimi hiyo ni faraja, kwamba hakuna mtu wangu aliye mahali anatazama mateso yetu na hawezi kufanya kitu.

Kuhusu khanga sijui. Nguo ni nguo.

Bodaboda wa Goba

Mi nasali kwa Wapentekoste, naomba msinielewe vibaya kwa sababu mtumishi wa mleta mada hajakosea moja kwa moja, kakosea alivyomjibu mtu mwenye msiba.

Shangazi yangu alikuwa anapandisha, anaongea kwa sauti ya babu, sauti ile ile ya kukwaruza, anadai mbuzi mweusi na pombe ya kienyeji kaburini. Ukoo mzima unapiga magoti. Mganga mmoja akala hela yetu karibia mwaka mzima. Siku moja mimi nikapata ujasiri, nikamuuliza "babu, ulikuwa unaniitaje nikikuletea maji ya kunawa?" Babu alikuwa na jina lake moja alilonipa, hakuna mwingine aliyekuwa analijua maana tulikuwa wawili tu kule shambani. Ikanyamaza. Ikaguna. Ikataja jina la kwenye cheti. Hapo ndo nikajua huyu sio babu yangu, na hasira niliyopata ni ya kuona mtu anamtumia babu yangu jina.

Maandiko yanasema zijaribuni hizo roho, 1 Yohana 4:1, na Paulo anasema Shetani mwenyewe hujigeuza malaika wa nuru. Shangazi aliombewa akafunguka. Ila dada, ile ilikuwa inadai. Inataka damu, inataka hela, inatisha watoto. Mama yako anadai nini? Mlango. Mimi nisingekimbilia kuita hilo pepo.

Mdau wa Chanika

Mkuu hapo mwisho umeongea kitu.

Kijana wa Mbagala

Mimi yangu haikuwa roho wala nini ila karibu initoe akili. Baba alifariki, namba yake sikuifuta, nikawa kila siku ya malipo namtumia meseji "mzee nimepata" kama nilivyozoea, inakaa tiki moja tu. Zaidi ya mwaka. Siku moja niko kwenye daladala naona tiki mbili. Halafu ikaandikwa anaandika. Nilishuka kituo sio changu nikakaa chini barabarani.

Ni mama mmoja kauziwa ile laini, mitandao ikiona namba haitumiki muda mrefu inaiuza tena. Alisoma ile meseji ya mwisho alafu akanipigia, akanambia mwanangu baba yako nani, tukaongea kama dakika arobaini, akaniombea kwenye simu. Sina cha kusema kuhusu wafu, ila zile sekunde kabla sijajua niliamini, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Mdau

Na Endori je, pale mfalme Sauli alipomwendea mwanamke mwaguzi amwitie nabii Samweli aliyekuwa ameshakufa? 1 Samweli 28 imeandikwa "Samweli akamwambia Sauli", haijaandikwa pepo akamwambia. Na alichosema kikatimia, Sauli na wanawe wakafa vitani. Walimu wangu wa theolojia walikuwa wanagawanyika hapo hapo. Ninachokishika mimi ni Luka 16, tajiri yuko kuzimu na bado anawakumbuka ndugu zake watano, anaomba Lazaro (yule maskini, sio wa Bethania) atumwe akawaonye, na Ibrahimu anakataa. Kwaiyo kukumbuka anakumbuka, kutumwa ndo hatumwi.

Nesi wa Kimara

Nimesoma zote. Mimi Mmoravian wa Rungwe, kwetu alfajiri ya Pasaka tulikuwa tunaenda kusali makaburini kukiwa bado na giza, tunasubiri jua pamoja na waliolala, utaratibu ambao Wamoravian waliuanza Herrnhut Ujerumani mwaka 1732. Kwaiyo sikukua nikiogopa wafu.

Kazini zamu ya usiku nimeona mengi ila nitasema moja. Mzee mmoja, saa kumi alfajiri, akaniita akasema "binti, mletee mama kiti, kasimama muda mrefu." Mke wake alishafariki, kwenye faili imeandikwa mjane. Hakuwa na homa kali na alikuwa ananijibu maswali yangu vizuri. Ningeweza kumwambia mzee hapo hamna mtu. Nikaenda kuchukua kiti nikakiweka alipoonesha, akasema asante. Alifariki kabla sijakabidhi zamu. Madaktari wana maelezo yao kuhusu ubongo wa mtu anayeondoka na mimi nayaheshimu, mchungaji wangu naye ana yake. Kile kiti sikukitoa mpaka walipokuja kumchukua.

Mwinjilisti, Temeke

Mleta mada, wewe ni wa kwetu kwa kipaimara kwaiyo naomba nikwambie kitu ambacho Walutheri wengi hawajui. Sisi hatuna misa ya wafu wala toharani, na hatuombi kwa watakatifu. Ila Luther mwenyewe mwaka 1528 aliandika kwamba kwa kuwa Maandiko hayajatuambia lolote juu ya hili, haoni dhambi mtu kusali kwa hiari yake: Mungu, kama roho hii iko mahali inapoweza kupata rehema, uirehemu. Na akaongeza, ukishafanya hivyo mara moja au mbili, inatosha, umwachie Mungu. Mimi nilimsalia mke wangu hivyo.

Khanga usichome, mama.

Mleta mada, Tabata

Nimesoma nimelia nimesoma tena. Bodaboda wa Goba nimejibu swali lako moyoni, hadai kitu. Nilivyokuwa mdogo baba akiwa safari mama ndo alikuwa anazunguka na kibatari kuangalia milango, akimaliza anakuja kutufunika. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka leo nilivyokuwa naandika hapa.

Mume wangu nimemuonesha uzi wote, kasoma kimya, akasema khanga ibaki, kwa mtumishi ataenda yeye kuongea.

Jana usiku nimemsalia mama ile sala, mara moja. Leo nasali ya pili, halafu naacha kama alivyosema mwinjilisti. Mlango nimeshafunga.