Mjadala: Chuo kikuu cha ng'ambo kikija na mradi wa afya, kinamtumikia nani?

Mtoa mada

Wadau, habari za jioni. Yeyote aliyefanya kazi hospitali ya rufaa anajua ninachotaka kusema. Vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vina miradi kila kona ya Afrika Mashariki. Ukisoma dira na dhima zao utadhani zimeandikwa na mtu mmoja: usawa, ushirikiano, kujengeana uwezo. Sina ugomvi na maneno hayo. Ninachodai ni kwamba dhima ya chuo isomwe kwenye bajeti na mikataba, siyo kwenye bango la getini.

Chukueni ruzuku za NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani. Juu ya fedha za utafiti wenyewe huongezwa asilimia ya gharama za uendeshaji: umeme, majengo, wahasibu, ofisi ya maadili. Kila chuo cha Marekani kina kiwango kilichokubaliwa na serikali yake. Cha Harvard kimefika asilimia 69. Taasisi iliyo nje ya Marekani, iwe Muhimbili au Makerere, mwisho wake ni asilimia 8. Ugonjwa ni wetu, wagonjwa ni wetu, wanaozunguka vijijini na boda kuchukua sampuli ni vijana wetu. Halafu kwenye warsha tunaambiwa tatizo letu ni uwezo mdogo wa kusimamia fedha! Uwezo huo unajengwa na nini kama siyo fedha hizohizo?

Niwape kitu nilichokiona kwa macho. Hospitali moja niliyopitia, sitaitaja, ilikuwa na jengo la mradi lenye friji ya nyuzi hasi 80 na jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Ng'ambo ya ua, benki ya damu ilikuwa inamsubiri fundi aje na ufunguo wa jenereta ya hospitali. Yaani damu ya utafiti ilikuwa na ulinzi kuliko damu ya kumwongezea mama anayetoka kujifungua. Na hakuna mtu mbaya hapo. Mkataba ulisema jenereta ni ya sampuli, basi.

Shule za tiba ya kitropiki za zamani angalau hazikujificha. Ya Liverpool ilianza 1898 kwa fedha za tajiri wa meli, Alfred Jones, na ya London 1899 kwa kuungwa mkono na Wizara ya Makoloni. Shida yao ilikuwa mabaharia, wafanyabiashara na maofisa wao wasiishe kwa malaria huku kwetu. Ulikuwa unajua unashughulika na nani.

Msimamo wangu: chuo kikija kwetu kianze na tiba na kufundisha, utafiti ufuate. Nawasilisha.

Nesi wa Zamu

Mkuu umenena, ila umesahau wageni wa wiki sita. Wanafunzi wa nje wakifika kwenye raundi, wa kwetu wanarudi nyuma, na daktari bingwa anahamia Kiingereza hata mbele ya bibi asiyejua neno. Mgonjwa mmoja anasikilizwa kifua na watu wanane. Wa kwetu kwenda kwao wiki sita? Viza tu ni kesi.

Lakini tusizitukane hizo fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU, zilizokuwa na wahudumu wa mradi zilibaki na sisi wawili watatu wa serikali na foleni ileile. Wengine walioaga siku ile hawajarudi.

Mtu wa Eldoret

Mimi ni wa Eldoret, Kenya, kwa hivyo nitasema ninachokijua. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza pamoja kabla hata UKIMWI haujawa mradi, tangu shule ile inafunguliwa karibu na 1990. Walijiwekea kanuni ambayo ndiyo mtoa mada anaitaka: huduma kwanza. Madaktari wa Indiana, akina Joe Mamlin, walihamia huku na familia zao, wakazunguka wodini kila siku.

Mwaka 2000 mwanafunzi wa udaktari wa Moi alilazwa akiwa hoi kwa UKIMWI, dawa hazipatikani. Akatafutiwa, akatibiwa, akaamka. Hapo ndipo AMPATH, mpango wa Moi na Indiana wa kutibu UKIMWI, ilipozaliwa mwaka uliofuata. Walipoona wagonjwa wanakunywa dawa na tumbo tupu wakaanzisha mashamba ya kuwalisha. Utafiti ulikuja, tena mwingi, lakini ulipanda mgongoni mwa huduma. Na wanafunzi wa Moi wanaenda Indiana, dada nesi, siyo wa kule peke yao kuja huku.

Shida ni moja. Huduma kubwa namna hiyo iliegemea sana USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani. Utafiti ukikatiwa fedha, makala inachelewa. Huduma ikikatiwa, mtu anarudi nyumbani bila dawa. Sasa "huduma kwanza" kwa mfuko wa nani, ndugu?

Mhadhiri Mdogo

Mimi napinga mada. Chanjo ya malaria ya R21 ni kazi ya Oxford, na watoto wa Bagamoyo na Kilifi ni miongoni mwa waliochanjwa kwenye majaribio. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023. Kama Ifakara na KEMRI, taasisi za utafiti wa afya za Tanzania na Kenya, wangeamua kila shilingi iende wodini, majaribio hayo yangefanyika kwingine. Kuna maswali ambayo wodi haiwezi kuyajibu hata ukiijazia jenereta kumi.

Pili, tujitazame. Nimekaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Waliuliza idadi ya machapisho na nafasi ya jina langu kwenye orodha ya waandishi. Nimefundisha wangapi, nimetibu wangapi, kimya. Hiyo siyo Harvard, ni sisi. Na hata tukipewa hiyo 69, nani ananihakikishia haitaishia kwenye posho za vikao?

Mtoa mada

Kamati za vyeo nakubaliana nawe kabisa. La posho ni halali kuuliza, ila asilimia 8 siyo dawa ya ubadhirifu, ni kutuweka palepale.

Ndugu wa Eldoret, jibu langu ni Rwanda. Mwaka 2012 fedha za Marekani za kufundisha madaktari na manesi bingwa zilipitia serikali ya Rwanda, na Wizara ya Afya ndiyo iliyoandikiana mkataba na vyuo vya Marekani. Gharama za uendeshaji? Asilimia 7, na vyuo vikasaini. Vyuo vilevile! Kwa hiyo dhima yao ilibadilika mara tu aliyeshika mfuko alipobadilika. Kweli, fedha hizo za PEPFAR, mfuko wa Marekani wa UKIMWI, zilikatika 2017 kabla ya muda uliopangwa, lakini wahitimu wengi walibaki Rwanda.

Mhadhiri Mdogo

Hilo la Rwanda nalipokea. Basi tuhamie kwenye jambo lililo mezani. Mei 2025 NIH ilitangaza kuachana na mtindo wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kumegea mshirika wa nje, na kuandaa utaratibu ambapo wa nje atapokea mwenyewe. Ulichokuwa ukikililia kinakuja, mkuu, ila bila chuo cha Marekani cha kutubebea ukaguzi na hesabu. Wenye wahasibu wa ruzuku vyuoni kwenu, semeni: mko wangapi, na mnalipwa na chuo au na mradi?