Mizani imegoma wiki ya tatu baada ya kupunguzwa tumbo: tupeane uzoefu

Mama Bel-Air (mwanzo wa mada)

Jambo yenu wote. Swali linalorudi kila mara ni hili: mtu amefanyiwa slivu (tumbo linakatwa, unabaki mfuko mwembamba) au baipasi (kifuko kidogo kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo) huko nje, amerudi Lubumbashi, wiki mbili za kwanza kilo zimeondoka vizuri, ya tatu mizani imegoma. Hapo hofu inaingia. Wengine wanaacha kula kabisa, wengine wanatafuta mizizi ya kuharisha. Tuandike kinachosaidia na kinachoharibu, kwa gramu na kwa dakika. Mambo ya safari na gharama tuyaachie mada nyingine.

Nesi wa Katuba

Aksanti mama. Mizani kusimama kati ya wiki ya 2 na ya 4 ni kawaida kabisa, na sababu yake ni maji.

Mwili una sukari ya akiba ndani ya ini na misuli, inaitwa glikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo, na kila gramu imeshikana na gramu 3 hivi za maji. Siku za kwanza, mgonjwa akinywa supu tu, akiba hiyo inaliwa na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo sababu kilo za mwanzo zinaondoka mbio. Chakula kikiongezeka kidogo, mwili unarudisha sehemu ya akiba pamoja na maji yake.

Pigeni hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi. Mwili unaotumia kalori 2,000 kwa siku na kupewa 700 unapungukiwa na 1,300, yaani kilo moja ya mafuta kwa siku 6. Maji ya kilo moja na nusu yakirudi ndani ya siku hizo hizo, mizani itasema ameongezeka nusu kilo, wakati kilo nzima ya mafuta imekwisha kuondoka. Akikata chakula zaidi kwa hofu, anapoteza misuli pia, na mwili wenye misuli michache unatumia kalori chache. Anajifungia mlango mwenyewe.

Jambo jingine ni serumu, maji ya dripu. Lita moja ni kilo moja, na hospitalini zinaingia lita kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kutoka akiwa mzito kuliko alivyoingia. Na aliyeshika rejimu (mlo wa masharti) ya wiki mbili kabla ya upasuaji, ile ya kupunguza ini, maji yake ya mwanzo aliyatoa wakati ule. Hesabu ianzie uzito wa kabla ya rejimu, la sivyo atajiona mvivu bure.

Papa Mita

Kabla ya kuilaumu mizani, tuipime yenyewe. Iwekwe juu ya saruji iliyonyooka. Kwenye kapeti au udongo inasoma uongo. Kisha iwekwe bidoni la lita 20 lililojaa maji: lazima isome kilo 20 na uzito wa bidoni lenyewe, kama kilo moja. Ikisoma 18 au 24, tatizo mmelipata. Bidoni libebwe na mtu mwingine, maana aliyepasuliwa habebi kitu kinachozidi kilo 5 hivi kwa wiki 4 hadi 6, na ndoo ya kisima imo.

Kupima ni mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya choo, kabla ya kunywa, kwa nguo zile zile. Anayepanda kila siku anasoma chumvi ya jana, choo ambacho hakijatoka na maji ya hedhi. Kwa wanawake, siku chache kabla ya hedhi mizani hupanda. Linganisheni wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Mita ya fundi wa nguo ndiyo ninayoiamini miezi miwili ya kwanza. Ipite usawa wa kitovu, mtu amesimama, ametoa pumzi, mita imegusa ngozi bila kuibana, kila wiki 2. Pima pia paja na shingo. Mara nyingi kilo zimesimama huku kiuno kimepungua sentimita 2 au 3.

Matarajio nayo yawe ya kweli. Watu wengi mwezi wa kwanza wanapunguza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wao. Mwenye kilo 130, hiyo ni kilo 6.5 hadi 13. Mwenye 95 asijilinganishe naye. Slivu kwa kawaida hufikisha asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote ndani ya miezi 12 hadi 18, baipasi zaidi kidogo. Wanaume huenda haraka kuliko wanawake, wazee na wenye kisukari huenda polepole.

Yaya wa Soko la Kenya

Mimi naingia jikoni, kwa sababu wengi wanagoma hapo. Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Shida ni nafasi: slivu inaacha mfuko wa mililita 100 hadi 150, baipasi kama mililita 30 tu, yaani vijiko viwili vya mezani. Ukiujaza uji wa mahindi, protini haina pa kuingia.

Unga wa protini wa dukani ni ghali na mtamu. Kapenta (dagaa) kavu zinafanya kazi hiyo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Toa vichwa na matumbo, ndiyo yenye uchungu na mchanga. Osha kwa maji moto mara mbili kupunguza chumvi. Kausha juani, halafu kwenye kikaango kikavu juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makala machache, ukigeuza mpaka kapenta ivunjike kwa vidole viwili na kutoa mlio. Ikipinda bado ina maji, na unga wake utaota ukungu. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chujio la chai. Miiba inayobaki juu ya chujio rudisha kwenye kinu, isipokubali, tupa. Kijiko cha mezani bila mlima ni gramu 8 hivi za unga, protini gramu 4 au zaidi.

Unga huo usiurushe ndani ya supu inayochemka, utafanya mabonge. Uchanganye kwanza na maji baridi kwenye kikombe, uwe kama tope laini, ndipo umimine ukikoroga. Bonge moja likikwama, utamwona mgonjwa: anashika kifua, mate yanajaa mdomoni, kisha anatapika povu jeupe. Siku nzima imeharibika, na kesho anaogopa kula.

Siku ya wiki ya 3 au 4 (vyakula vya kupondwa) inaweza kwenda hivi. Asubuhi maziwa kikombe cha mililita 250, ndani yake vijiko 2 vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta: gramu 13, yanywewe taratibu hata kwa saa nzima. Baadaye yai moja laini lililopondwa: 6. Mchana supu ya mililita 150 na vijiko 2 vya unga wa kapenta: 8 au 9. Alasiri maziwa tena: 13. Jioni samaki gramu 60 aliyechambuliwa miiba na kupondwa na mchuzi wake: 12. Kabla ya kulala mtindi bila sukari, nusu kikombe: 4 au 5. Inakaribia 60. Maziwa yakileta gesi na kuharisha, tumieni mtindi badala yake. Unga wa soya unafaa pia, lakini uliokaangwa au kupikwa vizuri, kwa sababu soya mbichi inazuia mwili kusaga protini.

Baipasi ya mililita 30 haitabeba vipimo hivyo kwa mara moja. Gawanyeni, na msishindane na mtu wa slivu.

Dada Ruashi

Yaya, na bukari (ugali)? Mtu wa wiki ya 5 akiketi mezani kwa mama mkwe, sahani ya bukari na sombe (majani ya muhogo) ikaletwa mbele yake, afanye nini?

Yaya wa Soko la Kenya

Dada, wiki ya 5 na ya 6 ni za vyakula laini. Bukari isubiri wiki ya 7 au ya 8. Ina mambo mawili mabaya. Ikiliwa kavu inajikusanya kuwa donge na kukaa pale pale kwenye mlango wa mfuko. Ikichovywa kwenye mchuzi wa mafuta inateleza, haishibishi, na mtu anamaliza tonge nne bila kujua. Zamu yake ikifika: samaki au nyama kwanza, mboga pili, halafu tonge moja la ukubwa wa kidole gumba, likitafunwa mara 20 au zaidi.

Sombe yenyewe ni laini. Angalieni mafuta: kijiko kimoja cha mezani cha mawese ni kalori 120, na karanga zilizosagwa zinaongeza nyingine. Chungu chote kiwe na kijiko kimoja, na badala ya karanga weka unga wa kapenta. Mama mkwe aambiwe mapema, kabla ya kuwasha mbabula. Kukataa chakula kikiwa mezani ndiko kunakoumiza.

Nesi wa Katuba

Naongeza maji. Lengo ni lita 1.5 au zaidi, na haiwezekani kuyanywa kwa mkupuo. Funda moja la mililita 15 kila dakika 5 ni mililita 180 kwa saa. Saa 8 na nusu zinatosha. Usinywe wakati wa kula, wala dakika 30 baada ya kula, maana maji yanasukuma chakula kitoke haraka na shibe inakwenda nacho. Mwezi wa 9 na wa 10 kabla ya mvua, joto la Lubumbashi linakausha watu. Mkojo wa rangi ya chai maana yake umechelewa. Na asiyekunywa hapati choo, siku 4 bila choo mizani inaonyesha.

Kalori zinazoponyoka ni zile za kunywa. Sukre (soda) ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, kalori 140, na mfuko mdogo hauizuii. Munkoyo hata bila kutiwa sukari ni mahindi. Bia isahauliwe mwaka wa kwanza, pombe inapanda kichwani haraka sana baada ya upasuaji huu. Kwa mtu wa baipasi, kitu kitamu kinaweza ndani ya dakika 10 hadi 30 kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Wengi hapo wanadhani ni malaria.

Farmasi Kampemba

Dawa zinazochelewesha kilo zipo: kortizoni, insulini, vidonge vya kisukari aina ya glibenklamidi, amitriptilini, olanzapini, valproati, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Peleka orodha kwa daktari, aone ipi inaweza kubadilishwa. Dawa za kisukari na presha mara nyingi zinahitaji kupunguzwa wiki za kwanza; zikibaki vile vile, mtu anaanguka.

Ibuprofeni na diklofenaki hapana, hasa kwa baipasi, zinaleta vidonda. Maumivu ni parasetamoli.

Vitamini ni za maisha yote: multivitamini, B12, kalsiamu sitrati miligramu 1,200 hadi 1,500 zikigawanywa kwa siku, vitamini D, na chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeona hedhi. Chuma na kalsiamu viachane saa 2. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi, na hedhi iliyokuwa imepotea inaweza kurudi ghafla.

Hili naomba lisomwe mara mbili. Aliyepasuliwa akitapika siku kadhaa, vitamini B1 inaisha mwilini upesi. Akipelekwa kituo cha karibu, wanaweza kudhani malaria na kumtundikia kinini ndani ya serumu ya glukozi (sukari). Glukozi bila B1 inaweza kuharibu ubongo: macho yanacheza, mwendo unayumba, maneno yanachanganyika. Anayemsindikiza aseme mlangoni: "Amepasuliwa tumbo, anatapika, sindano ya B1 kwanza." Karatasi yenye maneno hayo ikae kwenye mfuko wa kadi ya hospitali.

Nesi wa Katuba

Na haya hayangojei jibu la humu: mapigo ya moyo kuzidi 120 kwa dakika mtu ametulia, homa, maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti, choo cheusi, au kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima. Hospitali saa hiyo, hata usiku.

Papa Mita

Lini kusimama si kawaida? Kilo na mita zote zikigoma wiki 4 mfululizo ndani ya miezi 3 ya kwanza. Hapo andika siku 3 kila kinachopita mdomoni, hata funda la chai ya sukari na kipande cha mkate wa mtoto. Daktari aangalie dawa na tezi ya shingo kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH. Na kama mtu anamaliza sahani nzima bila kushiba, aombe radiografi (picha ya X-ray) ya kumeza bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha, ionekane mfuko ulivyo.

Mama Bel-Air

Aksanti sana, papa, yaya, na nyote. Kwa walio na daktari wao nje ya nchi: msimwandikie "sipungui". Mpeni tarehe ya upasuaji, uzito wa kabla ya rejimu, uzito wa wiki 4 za mwisho, kiuno, gramu za protini na maji ya siku 3, dawa zote, choo mara ngapi. Ujumbe kama huo anaweza kuujibu siku hiyo hiyo. Dada Ruashi, ukishazungumza na mama mkwe tuandikie mlipikaje sombe, wengine wanaingoja.