Tupeane uzoefu: ulipobatizwa ukubwani, nani alikuwa wa mwisho kukubali kwamba umebadilika?

Mporoto
Wakuu, habari za Jumapili. Nimetoka ibadani hapa Mbeya, mvua imenikamata njiani Soweto, nimejibanza kibarazani kwa watu. Leo wamebatizwa watu wazima kadhaa, mmojawapo fundi viatu wa mtaani kwetu. Tunamwita Kiroba. Viroba vyenyewe, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku 2017, ila yeye jina limemganda. Alipopiga magoti pale mbele, mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Tumpe miezi mitatu."

Hiyo ndiyo imenileta hapa. Kanisani unaambiwa wewe ni kiumbe kipya, 2 Wakorintho 5:17 tunaijua wote. Mtaani wewe ni yule yule wa jana mpaka wenyewe waridhike. Kwako nani alichelewa kuridhika? Mimi nimezaliwa ndani, ukoo wetu ulibatizwa zamani na Wamoraviani wa Rungwe, wale waliofika 1891, kwa hiyo sina ushuhuda wa kunogesha. Nasikiliza.

Konda Mstaafu
Ngoja nifungue. Nilikuwa konda wa daladala ya Uyole miaka sita. Jina langu la stendi silitaji, ni tusi. Nilizamishwa mtoni mwezi Juni, na baridi ya Juni ya huku mnaijua. Nilipoibuka meno yalikuwa yanagongana mpaka mzee mmoja wa kanisa akadhani nanena kwa lugha.

Kazi ikaanza wiki iliyofuata. Nilikuwa nimesoma habari za Zakayo, Luka 19, jamaa anarudisha mara nne. Mara nne nisingeiweza. Nikajumlisha nilichokuwa nakata kwenye hesabu ya tajiri, buku mbili leo, buku tano kesho, kumbukumbu ikaishia kwenye 180,000. Nikauza redio na simu, nikampelekea. Akazihesabu mara mbili. Kisha akauliza, "Na nani mwingine alikuwa ananiibia?" Sikumtaja mtu. Akasema, "Basi hujaokoka vizuri."

Stendi ndiyo usiseme. Wapiga debe walikuwa wananifungulia bia kila jioni, wanaiweka mbele yangu, wanakaa kungoja. Kama wiki tatu hivi. Waliishia kuzinywa wenyewe.

Wa mwisho alikuwa mke wangu. Karibu mwaka mzima aliendelea kuficha hela ya mboga ndani ya debe la unga, chini kabisa, na mimi nikijua iko pale. Sikumlaumu, nilishaikomba sana huko nyuma. Siku moja yuko nje anafua, muuza dagaa akapita. Akaniita bila hata kugeuka, "Baba, hebu kachukue buku kwenye debe la unga." Nilikaa jikoni kidogo kwanza ndipo nikatoka.

Mwanjelwa Damu
Mimi nimeokoka mara tatu. Wa mwisho kukubali ni mimi mwenyewe.

Mgema wa Kilolo
Kamwene. Mimi nilikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Nilianza ukatekumeni, yaani mafundisho ya ubatizo, nikiwa na miaka 34. Sisi Wakatoliki mtu mzima kwa kawaida hubatizwa mkesha wa Pasaka, kwa hiyo miezi ya mwisho ya mafundisho inaangukia Kwaresima, Kwaresima inaangukia masika, na masika ndiyo mianzi inatiririka. Shetani naye ana kalenda.

Katekista hakunikataza. Alisema togwa, ule mtamu wa siku hiyo hiyo, hauna neno. Mkangafu, ule uliochacha, ndio nijihadhari nao. Lakini najijua. Togwa yangu ilikuwa haifiki jioni ikiwa bado togwa. Nikamwachia mdogo wangu mianzi yote na mbeta zake za kukingia. Wateja waliendelea kugonga alfajiri na ndoo zao, nawaelekeza nyumba ya pili.

Usiku wa mkesha kanisa zima giza, mshumaa wa Pasaka ukaingia, tukawashiana moto mmoja mmoja. Likaitwa jina Petro. Nikageuka nimwone Petro ni nani.

Baba hajawahi kuniita hivyo. Jina langu la kwanza ni la baba yake mzazi. Aliniambia, "Nikikuita Petro, mzee nitakuwa nimemzika mara ya pili." Basi kwake mimi ni babu mpaka leo, na sidhani kama Mungu anapata shida kunitambua.

Atupele wa Tukuyu
Hapo kwenye jina mmenigusa. Nililelewa na bibi, nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anakwenda kanisani. Nikabatizwa Moraviani nikiwa na miaka 22. Kwenye fomu nikaandika Elizabeti. Mchungaji, mzee wa siku nyingi, akauliza jina la nyumbani. Atupele. Maana yake? "Ametupa," yaani ametupatia. Akaniuliza, "Nani ametupa?" Nikanyamaza. Akaikata Elizabeti kwa kalamu.

Nilinuna! Nilitaka jina la kuwaonyesha watu kwamba nimebadilika. Siku hizi nikisikia Lusajo, Tusajigwe, yaani baraka, tumebarikiwa, najiuliza wazee wetu walikuwa wanaongea na nani.

Bibi ndiye alichelewa. Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kuimba mpaka jua litoke. Aliposikia makaburini akasema, "Kumbe ni yale yale ya mizimu," akanifuata akachungulie. Alisimama pembeni kajifunika khanga, hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliniamsha.

Mzee wa Vyeti
Niwakatishe kidogo. Cheti cha ubatizo hakibadilishi jina la cheti cha kidato cha nne wala la kitambulisho cha taifa. Ukitaka jina jipya litambulike kote, wakili akuandalie hati ya kubadili jina na isajiliwe. Mimi nilijaza jina la ubatizo kwenye fomu ya ajira, nikasafirishwa Mbeya–Dodoma mara mbili, nauli yangu. Endeleeni.

Mporoto
Konda, umeniliza kwenye kibaraza cha watu.

Mvua imekatika. Nikiwa nasoma hapa Kiroba kapita, bado ana shati lake jeupe, suruali kaikunja asiichafue na tope. Nikamwita kwa nguvu, "Kiroba!", mdomo ukawahi. Kaitika, kapunga mkono, kaendelea kuruka madimbwi.