Kiti cha magurudumu cha kukunja: breki hazishiki, kinavuta kushoto, kukikunja ni vita

Mkazi wa Chamazi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaovijua hivi viti vya magurudumu vya kukunja, vya kusukuma kwa mkono. Ni cha chuma, magurudumu ya nyuma ni inchi 24 yenye spoku na tairi za upepo, vile vidogo vya mbele ni mpira mgumu. Anakitumia mama wa kilo kama 75, hawezi kusimama bila kushikwa.

Shida ni tatu. Breki zimefungwa lakini kiti kinarudi nyuma akihamia kitandani. Kikisukumwa kinavuta kushoto. Na kukikunja wanahitajika watu wawili. Kutoka nyumbani mpaka lami ni mchanga mtupu. Fundi baiskeli wa hapa mtaani anashauri ninunue breki mpya na nipake oili chafu kwenye ile eksi ya chini (vile vyuma viwili vilivyopishana kama X chini ya kikalio). Nimsikilize?

Fundi Spoku

Breki usinunue bado. Hizi hazibani ringi kama za baiskeli. Ni kipande cha chuma kinachokandamiza tairi, basi. Tairi ikipungua upepo chuma kinabaki kugusagusa mpira, na mtu akiegemea kiti kinateleza. Anza na pampu.

Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa tairi za aina hii mara nyingi utakuta kati ya PSI (kipimo cha upepo) 50 na 75. Kidole hakipimi kitu, maana hata tairi ya PSI 30 ukiibonyeza utaiona ngumu. Kama valvu ni ile nene kama ya gari, utajaziwa popote wanapojaza bodaboda, ila mwambie ajaze kidogo kidogo huku akipima. Tyubu ni nyembamba, kompresa inaipasua kufumba na kufumbua. Na pande zote mbili ziwe sawa, kwa sababu upepo usiolingana ndio mchawi wa kwanza wa kiti kuvuta upande.

Ikiwa baada ya hapo breki bado inateleza, legeza bolti mbili zinazoishikilia kwenye bomba la fremu (nyingi zinataka alenki ya milimita 5), isogeze kuelekea gurudumu mpaka ukifunga chuma kizame kwenye mpira milimita 3 hadi 5, kisha kaza. Jaribu kiti kikiwa kitupu kwenye vigae: funga breki zote, sukuma. Magurudumu yaburuzike bila kuzunguka. Likizunguka hata moja, hujamaliza.

Kuvuta kushoto: sukuma kiti kwenye sakafu ya vigae, kiachie, halafu geuka urudi njia ileile. Kikivuta ukuta uleule kwenda na kurudi, mwenye kosa ni sakafu. Kikivuta kushoto kwake kila mara, inua mbele uzungushe vile vigurudumu. Nywele na nyuzi za kanga hujizungushia kwenye ekseli mpaka kigurudumu kinazunguka kwa shida. Fungua bolti, zitoe kwa koleo nyembamba. Beringi za hapo mara nyingi ni namba 608: tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Namba imechorwa kwenye beringi yenyewe, mbili kila kigurudumu. Ukiizungusha kwa kidole ukasikia kama ina chenga za mchanga, badilisha, haisafishiki.

Angalia pia uma wa kigurudumu. Uma huo usimame wima na uzunguke kwa urahisi bila kuchezacheza. Ukicheza, kaza nati ya juu taratibu, mchezo ukiisha acha hapohapo. Ukipitiliza, kigurudumu kinakuwa kizito kugeuka na kiti kitavuta zaidi ya mwanzo.

Mwisho weka karatasi chini ya kila gurudumu, manne. Karatasi inayochomoka bila kukwama inaonyesha fremu imepinda.

Oili chafu, hapana! Kwa mchanga wa Chamazi unatengeneza msasa. Pangusa mabomba yanayoteleza wakati wa kukunja, toa kutu kwa msasa laini, kisha sugua nta ya mshumaa. Inateleza na haidaki vumbi. Bolti ya katikati ya eksi ndiyo pekee inayotaka grisi, kidogo tu, na nati yake isikazwe mpaka mwisho. Wengi wanaikaza kama ya injini halafu wanalalamika kiti hakikunjiki. Iwe ni nati yenye plastiki ndani, ili isilegee yenyewe.

Dada wa Mazoezi

Fundi kamaliza upande wa chuma, mimi naongeza upande wa mama.

Kiti kurudi nyuma wakati wa kuhama hakuletwi na breki peke yake. Kiweke pembeni ya kitanda kikiwa kimekaa mshazari, upande wa mwili wake wenye nguvu ukielekea kitandani. Kisogeze mbele kidogo halafu kirudishe nyuma, vile vigurudumu vitageukia mbele. Hapo kiti kinapata miguu mirefu na hakipinduki akiinama. Funga breki mbili. Kunja vibao vya miguu na uvisogeze pembeni, asikanyage kamwe kibao akiwa anasimama, maana kiti kitamwangukia. Kama mkono wa kiti unachomoka, chomoa ule wa upande wa kitanda.

Kukunjua: viganja juu ya yale mabomba mawili ya kukalia, vidole vikielekea katikati ya kitambaa, kandamiza mpaka mabomba yakae kwenye vishikio vyake. Ukizungushia vidole kwenye bomba vitabanwa, na si mchezo. Kukunja: toa mto, inua vibao, shika kitambaa katikati mbele na nyuma, vuta juu. Mnaovutana na mikono ya kiti mnaipinda.

Kwenye mchanga msimsukume kwa mbele. Vigurudumu vinazama, kiti kinasimama ghafla, mtu anachomoka. Geuza kiti umvute kinyumenyume, au kikanyage pale nyuma, kisimame kwa magurudumu makubwa tu, uende hivyo taratibu. Mteremko mkali msaidizi ashuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa bondeni na kiti kikimfuata. Pale Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni, maji yakipwa, njia ya kushukia pantoni inakuwa ndefu, tafuteni mtu wa pili. Wala msipunguze mwendo kwa breki, ukigusa moja kiti kinageuka na kumrusha.

Swali kwako: anakalia nini? Kile kitambaa peke yake hakitoshi kwa mtu anayekaa kutwa. Akiwa juu ya mto, ingiza vidole kati ya mto na mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole milimita 5 au zaidi, mto unafaa. Vikibanwa ukavivuta kwa tabu, utamletea vidonda.

Abiria wa Gongo la Mboto

Kwenye bajaji au daladala, vua kwanza vile vya kukanyagia miguu ukavitie kwenye kiroba, ndivyo vinavyopotea. Mwambie konda asiweke mzigo juu ya kiti kilichokunjwa, spoku zinapinda. Na mkimbeba mama kwenye kiti kupanda ngazi, mshike fremu yenyewe. Mikono na vibao vinachomoka. Mpira wa mpini wa nyuma uvute kwa nguvu kabla, ukitoka gundisha. Mwendokasi vituo vina njia za kupandia, lakini pale kati ya jukwaa na basi vigurudumu vidogo huzama. Pita magurudumu makubwa yakitangulia.

Mkazi wa Chamazi

Asanteni sana. Upepo ulikuwa PSI 22 kushoto na 40 kulia, sasa 60 kote, breki zimeshika. Ila nilipopangusa eksi nimeona ufa mwembamba karibu na tundu la bolti ya katikati. Nipeleke kwa mchomeleaji? Na tairi ya kushoto imeanza kupasuka ubavuni.

Fundi Spoku

Asikalie tena mpaka hiyo eksi ibadilishwe. Ufa pale unakua kila anapokaa, na siku eksi itakapokatika kiti kinajikunja naye akiwa ndani. Kuchomelea sikushauri, joto linavuta tundu na pande mbili hazitalingana. Tafuta eksi ya kiti kibovu cha modeli ileile, pima urefu wa bomba na umbali wa matundu kabla ya kulipa.

Tairi omba 24 x 1 3/8, ubavuni iwe na 540 (kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi inapokaa kwenye ringi). Usikubali 24 x 1.75 ya baiskeli ya mtoto. Hiyo ni 507, ndogo kwa milimita 33, na hata ukiivuta kwa spana haitapanda ringi.